Uzito wa Kifyatulio

Uzito wa kifyatulio ni kiasi cha nguvu ambacho kidole cha shahada hulazimika kutumia mpaka bunduki ifyatuke. Bunduki ya kuwindia ikishakokiwa, springi ya pini hukaa imebanwa, na kinachoizuia isiruke ni jino dogo la chuma lililoshikana na jenzake kwa upana ambao mara nyingi haufiki milimita 1. Kidole kikivuta, meno hayo huteleza yakaachana, pini ikagonga kitako cha risasi.

Kifyatulio, ambacho mitaani ni triga tu, kimetokana na fyatua, kitenzi kile kile cha mtego wa panya na cha matofali yanayotolewa kwenye kalibu: kitu kilichobanwa huachiwa ghafla. Vitabu vya zamani hutumia mtambo, lakini siku hizi mtambo ni neno la umeme wa maji na la gongo, halifai tena kwa kijichuma cha ukubwa wa nusu kidole.

Tatizo liko kwenye uzito. Kiingereza husema uzito wa kuvuta, na anayefasiri neno kwa neno hujikuta na uzito wa mvuto, unaompeleka msomaji kwenye somo la fizikia na tufaha la Newton, au uzito wa kuvutia, unaofaa zaidi kwa matangazo ya vyumba vya mazoezi. Kani ya kufyatulia ni sahihi kisayansi, ila hakuna mwindaji anayesema hivyo. Mwindaji husema triga nzito, kama dereva asemavyo usukani mzito, na hakuna anayedhani usukani huo umewekwa kwenye mizani. Uzito wa kifyatulio unafuata njia hiyo. Tena una haki yake kihistoria: katika mashindano ya kulenga shabaha, waamuzi hupima kwa kuning'iniza jiwe la mizani kwenye kifyatulio. Bastola ya hewa ya mita 10 sharti ilibebe jiwe la gramu 500 bila kufyatuka. Ya mita 25, gramu 1,000.

Bunduki ya kuwindia huwa nzito zaidi ya hapo. Wengi huiweka kati ya ratili 2.5 na 4, yaani takriban kilo 1.1 hadi 1.8. Bunduki yenyewe ina kilo 3 au 4, kwa hiyo kifyatulio cha kilo 3 humlazimisha mwindaji kuvuta kwa nguvu inayokaribia uzito wa silaha nzima, na mtutu hucheza. Ukicheza milimita 1 kwa kila mita 1 ya urefu, kwenye mita 200 risasi imeshapotea sentimita 20: swala aliyelengwa begani anapigwa tumboni. Wepesi nao una hatari zake. Anayemfuatia nyati aliyejeruhiwa kwenye kichaka, mikono ikimtetemeka, hana haja ya kifyatulio kinachoitikia pumzi.

Kupima huanza na bunduki isiyo na risasi, chemba ikikaguliwa kwa macho na kwa kidole. Ndoano ya mizani ya springi hutiwa katikati ya mpindo wa kifyatulio, ikavutwa polepole sambamba na mtutu mpaka mlio wa pini usikike. Hurudiwa mara tano, ukachukuliwa wastani. Namba zikipishana sana, kasoro si uzito bali uchafu, mafuta yaliyoganda au meno yaliyolika, na kugusa skrubu hakutasaidia kitu.

Katika mifumo mingi skrubu ni tatu. Moja hubana springi ya kifyatulio. Kuilegeza ndiko kupunguza uzito. Ya pili huamua meno yashikane kwa upana gani, na ya tatu mwendo unaobaki baada ya pini kuruka. Ya pili ndiyo ya kuogopwa: huleta wepesi mtamu, lakini kwa kupunguza chuma kinachozuia ajali. Mwenye bunduki asiye fundi aishie kwenye ya kwanza, tena kwa robo mzunguko kila safari. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kampuni ya Marekani ya Savage ilitoa kifyatulio chenye ulimi mwembamba katikati. Ulimi usipobonyezwa, jino huzuiwa hata springi ikilegezwa kabisa.

Baada ya marekebisho, bunduki tupu hukokiwa, kitako kikagongwa kwa nyundo ya mpira. Kisha bolti hufungwa kwa nguvu mara kadhaa. Halafu sefu, yaani kizuizi cha usalama, hufungwa, kifyatulio kikavutwa na kuachiwa, ndipo sefu ifunguliwe. Pini ikiruka hata mara moja katika majaribio hayo, springi hukazwa upya. Isiporuka, juu ya skrubu hutiwa tone la rangi ya kucha: ufa ukionekana kwenye tone hilo siku nyingine, skrubu imesogea.