Gesi ya Songo Songo na miaka 30 ya kusubiri bomba

Mwaka 1974 kampuni ya Italia, AGIP, ilichimba kisima katika kisiwa cha Songo Songo, jirani na Kilwa, ikitafuta mafuta. Miezi michache nyuma bei ya mafuta duniani ilikuwa imepanda mara nne, na Tanzania, iliyoagiza mafuta yake yote kutoka nje, ilikuwa imeumia vibaya. Kilichopatikana kisiwani ni gesi. AGIP ikapiga hesabu, ikaona hailipi, ikaondoka.

Hesabu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Mafuta huwekwa melini na kupelekwa popote penye bei nzuri, lakini gesi hudai bomba, na hakuna benki inayokopesha fedha za bomba kabla ya kuonyeshwa mteja atakayenunua gesi hiyo kwa miaka mingi mfululizo. Dar es Salaam ilikuwa karibu kilomita 200 kaskazini, na umeme wake ulitegemea maji ya mabwawa. Mteja hakuwepo.

Shirika la Maendeleo ya Petroli, TPDC, lililoanzishwa 1969, halikukata tamaa. Liliendelea kuchimba visima vingine ili kujua ukubwa wa hazina hiyo, na katika miaka ya 1980 ukaandaliwa mpango wa kujenga kiwanda cha mbolea Kilwa kwa jina la KILAMCO. Nchi ya wakulima kutengeneza mbolea kwa gesi yake yenyewe lilikuwa wazo zuri kupita mengi yaliyofuata. Kiwanda hakikujengwa. Mwaka 1982 gesi ikapatikana tena kusini zaidi, Mnazi Bay mkoani Mtwara, nayo ikafunikwa ikingoja siku yake.

Siku hiyo ililetwa na ukame. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 maji yalipungua katika bwawa la Mtera, mgawo wa umeme ukawa sehemu ya maisha, na serikali ikaanza kutafuta umeme usiotegemea mvua. Songo Songo ilikuwa jibu lililo wazi, lakini mwaka 1995 ukasainiwa mkataba na IPTL, kampuni binafsi iliyokuja na mtambo wa megawati 100 wa kuchoma mafuta mazito, Tegeta. Mgogoro wa gharama za mtambo huo ulifika hadi usuluhishi wa kimataifa na kuuchelewesha mradi wa gesi kwa miaka kadhaa. Mitambo ya IPTL iliwashwa 2002, ikichoma mafuta ya kununua kwa dola wakati gesi ya nchi imelala Kilwa. Taifa lililipa sana kwa uamuzi ule, na malipo hayo yaliendelea kuitikisa siasa hadi sakata la fedha za IPTL katika akaunti ya Escrow mwaka 2014.

Gesi ya Songo Songo ilifika Ubungo, Dar es Salaam, Julai 2004, miaka 30 tangu kisima cha kwanza. Bomba linapita chini ya bahari kwa kilomita 25 hadi Somanga, kisha nchi kavu kwa kilomita 207. Ni gesi safi, karibu yote ni methani, hivyo kazi kubwa ya mitambo ya kisiwani ni kuikausha maji. Kampuni ya Songas iliichoma kuzalisha umeme, na kiwanda cha saruji cha Wazo kikaachana na mafuta mazito. Mradi ulikuwa mdogo kwa viwango vya dunia. Ulifanikiwa kwa sababu wateja wake walikuwa papa hapa nchini, wakijulikana kabla bomba halijafukiwa.

Kisha mambo yakawa makubwa. Kuanzia 2010 kampuni za Ophir, BG na Statoil ziligundua gesi katika kina kirefu cha bahari, na makadirio ya nchi yakapanda hadi futi za ujazo trilioni 57. Serikali ikakopa China zaidi ya dola bilioni moja kujenga bomba jipya kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam.

Mtwara ikakataa. Wananchi walikuwa wameahidiwa viwanda na ajira, na sasa waliona mabomba yakishushwa bandarini kwao ili yaipeleke gesi kwingine. Kusini walikuwa na kumbukumbu zao: reli ya Mtwara hadi Nachingwea, iliyojengwa kwa ajili ya mradi wa karanga wa Waingereza, iling'olewa miaka ya 1960 na hakuna iliyochukua nafasi yake. Desemba 2012 waliandamana kwa amani. Mei 22, 2013, bajeti ya Wizara ya Nishati iliposomwa bungeni, maduka yalifungwa, nyumba na ofisi zikachomwa moto, watu wakapoteza maisha na jeshi likaingia mitaani. Kiufundi serikali ilikuwa na hoja, maana wanunuzi wengi wa umeme wako Dar es Salaam. Lakini watu wa Mtwara walistahili kuketishwa na kusikilizwa kabla ya mkopo kusainiwa.

Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015. Mitambo ya umeme ya Kinyerezi, Dar es Salaam, ikawaka, na gesi ikafikia kuzalisha zaidi ya nusu ya umeme wa gridi.

Gesi ya kina kirefu cha bahari haijatoka hata kidogo. Ili ipande meli lazima ipoozwe hadi nyuzi 162 chini ya sifuri, katika kiwanda kilichopangwa kujengwa Likong'o, Lindi, kwa gharama inayotajwa kuwa dola bilioni 42. Bei za mafuta zilianguka mwishoni mwa 2014 na mazungumzo yakalegea. Yalifufuka Ulaya ilipoikimbia gesi ya Urusi mwaka 2022. Juni mwaka huo makubaliano ya awali yalisainiwa Ikulu ya Chamwino, lakini mkataba wenyewe ukakwama mezani. Novemba mwaka uleule Msumbiji, iliyogundua gesi yake wakati mmoja na Tanzania, ilipakia shehena yake ya kwanza kutoka mtambo unaoelea wa Coral Sul. Sasa Qatar na Marekani zinaongeza uzalishaji, na Lindi italazimika kushindania wanunuzi na vigogo hao.

Hata soko la nyumbani limebadilika. Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, lilianza kuzalisha Februari 2024, na mitambo yote tisa ikakamilika 2025, hivyo gridi haiitegemei tena gesi kama zamani. Lakini gesi imepata mteja asiyekuwemo katika mipango ya 1974. Petroli ilipopanda bei, madereva wa teksi na bajaji wa Dar es Salaam walianza kufunga mitungi kwenye buti na nyuma ya viti, kwa sababu kilomita ileile kwa gesi haigharimu hata nusu ya petroli. Foleni za kujaza gesi zikawa ndefu kiasi cha dereva kupoteza saa kadhaa za kazi, huku vituo vikiwa vya kuhesabu. TPDC na wawekezaji binafsi wanaendelea kuviongeza. Na kule yote yalikoanzia, leseni ya Songo Songo ilitolewa Oktoba 2001 kwa miaka 25, yaani hadi Oktoba 2026.