Utamu Uliosafiri kwa Marando

Ingia nyumba ya Wabukusu wa magharibi mwa Kenya, iwe Bungoma au mashambani kando ya Kitale, uulize ni kitamu gani walichorithi kwa nyanya zao. Wengi watakutajia mushenye, au mukhenye kama wengine wanavyouita: viazi vitamu na maharagwe yaliyochemshwa, yakapondwa kwa mwiko hadi yakashikana. Huliwa na chai ya maziwa, na kiporo chake cha asubuhi hugombewa na watoto.

Chakula hiki tunakiita cha asili, ilhali viazi vitamu na maharagwe, vyote viwili, asili yake ni Amerika. Vilivuka bahari baada ya mwaka wa 1492, vikaingia bara polepole na kukuta watu wanaojua wimbi, mtama na kunde. Sioni kama hilo linapunguza urithi. Wanawake waliopokea mmea mgeni wakautafutia mapishi yake ndio waasisi wa mushenye, ingawa hakuna aliyeandika majina yao.

Ufundi wenyewe huanza shambani. Viazi vikishachimbuliwa havipikwi papo hapo. Huanikwa juani siku kadhaa vinyauke, maji yapungue na utamu uzidi. Kisha hupangwa chunguni kwa maji kidogo, vikafunikwa kwa majani ya mgomba na kuachwa juu ya moto mdogo. Moto huo mdogo una kazi kubwa. Kiazi kinapopita polepole kwenye joto la nyuzi 60 hadi 75 hivi, kimeng'enya kilichomo ndani yake huvunja wanga na kuugeuza kuwa sukari. Moto mkali hukiua kimeng'enya hicho kabla hakijamaliza kazi. Nyanya aliyewakemea wajukuu kwa kuchochea kuni alikuwa akiulinda utamu. Maharagwe nayo yalilainishwa kwa musherekha, maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda makavu ya maharagwe.

Mapishi haya yalifika Trans Nzoia, eneo la Kitale, pamoja na watu. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia serikali ya kikoloni iligawa ardhi ya huko kwa walowezi, na reli ikafika Kitale mwaka wa 1926. Familia nyingi kutoka Bungoma zilienda kufanya kazi kwenye mashamba ya walowezi hao. Miaka ya 1960, baada ya uhuru, nyingine zikapata ardhi huko kwenye skimu za makazi. Kiazi kitamu hakihitaji mbegu. Fungu la marando linatosha kuanzisha shamba jipya. Mahindi yalitawala, hasa baada ya mbegu chotara ya H611 kutolewa Kitale mwaka wa 1964, lakini akina mama waliendelea kupanda marando kwenye vishamba vya pembeni.

Kiwanda cha sukari cha Nzoia kilianza kusaga miwa mwaka wa 1978, na sukari ya kiwandani ikawa karibu na kila jiko. Wapo wanaoitia kwenye mushenye. Kwangu huo ni utamu wa haraka unaofunika ule uliosubiriwa.

Badiliko la karibuni ni la rangi. Kuanzia mwaka wa 2010, mradi wa Mama SASHA uliwapa wajawazito waliohudhuria kliniki Bungoma na Busia vocha za marando ya viazi vya rangi ya chungwa, vyenye virutubisho ambavyo mwili huvigeuza kuwa vitamini A. Mwaka wa 2016 mtafiti wa viazi hivyo, Robert Mwanga wa Uganda, alikuwa miongoni mwa wanne waliopata Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kuimarisha lishe ya mazao. Kwa kawaida viazi vya rangi ya chungwa vina maji mengi kuliko vyeupe, kwa hiyo mushenye wake huwa laini. Mpishi hodari huchanganya vya aina zote mbili.

Jumba la Makumbusho la Kitale, lililokua kutokana na mkusanyiko wa mlowezi Hugh Stoneham, lina nafasi ya vyungu na miiko. Ningependa karibu na chungu pawekwe maandishi ya mpishi mzee: jina la kiazi alichotumia, siku alizokianika, na saa alizokiacha motoni.