Kamera ya mkononi katika mruko wa tandemu

Kamera ya mkononi katika mruko wa tandemu ni kamera ndogo ya video ambayo mwalimu wa kuruka kwa mwavuli (parachuti) huivaa mkononi ili kumpiga picha abiria aliyefungwa mbele yake wakati wote wawili wanaposhuka kutoka angani. Kwa kawaida huvaliwa mkono wa kushoto, juu ya glavu maalumu au kwa mkanda wa kifundo cha mkono. Suala la usalama linatokana na jambo moja: anayepiga picha ni yuleyule anayepaswa kufungua mwavuli, na abiria hana mtu mwingine wa kumtegemea.

## Mruko wa tandemu

Katika mruko wa tandemu watu wawili hutumia mwavuli mmoja. Mikanda ya mwili ya abiria huunganishwa na ya mwalimu kwa ndoano nne, mbili mabegani na mbili kiunoni. Mwalimu hubeba mgongoni mfuko wenye miavuli miwili: mwavuli mkuu na mwavuli wa akiba.

Ndege huwapandisha hadi kimo cha mita 3,000 hadi 4,000 hivi. Muda mfupi baada ya kutoka mlangoni, mwalimu hurusha kwa mkono wa kulia mwavuli mdogo wa kupunguza mwendo, ambao katika makala hii unaitwa mwavuli-breki. Bila huo, uzito wa watu wawili unaweza kuwafikisha kwenye kasi inayozidi kilomita 250 kwa saa, ambayo ni kubwa mno kwa mwavuli mkuu kufunguka salama. Ukiwepo, kasi hubaki karibu kilomita 190 kwa saa. Kwenye kimo cha mita 1,500 hivi, mwalimu huvuta kishikio, na mwavuli-breki huutoa mwavuli mkuu.

Mruko huu uliendelezwa nchini Marekani katika miaka ya 1980, hasa na Ted Strong na Bill Booth. Kwa miaka mingi ulifanyika huko kwa kibali maalumu cha majaribio, hadi mwaka 2001 ulipoingizwa katika kanuni za kawaida za usafiri wa anga. Siku hizi unafanyika katika nchi nyingi kama burudani ya watalii, zikiwemo Falme za Kiarabu huko Dubai, na Kenya katika ufuko wa Diani.

## Historia ya kupiga picha angani

Wapiga picha wa kwanza wa angani walifunga kamera za filamu kwenye kofia ngumu. Anayejulikana sana kati yao ni Mmarekani Carl Boenish, aliyepiga picha za angani za filamu ya *The Gypsy Moths* (1969). Baadaye zikaja kamera za video, ambazo mwanzoni zilikuwa nzito na zilihitaji kinasa kilichobebwa kando.

Hatari ya kamera kuteka akili ya mrukaji ilionekana wazi mwezi Aprili 1988 katika jimbo la North Carolina, Marekani. Mrukaji mzoefu, mwenye miruko zaidi ya 800, aliruka kutoka ndegeni ili kumpiga video mwalimu na mwanafunzi wake, bila kuvaa mwavuli. Alifariki. Inadhaniwa kwamba uzito wa vifaa vya video alivyobeba ulimfanya asitambue kuwa mwavuli haupo mgongoni.

Kwa muda mrefu video za tandemu zilipigwa na mrukaji wa tatu, mwenye mwavuli wake na kamera kichwani. Kamera ndogo za michezo, kama zile za GoPro zilizoanza kutoa picha za ubora wa juu mwaka 2009, zilibadili hali hiyo. Sababu moja ni gharama. Ndege ndogo kama Cessna 182 huchukua warukaji wanne tu pamoja na rubani. Mwalimu, abiria na mpiga picha wakichukua nafasi tatu, inabaki moja isiyotosha jozi ya pili. Mwalimu akipiga video mwenyewe, ndege hiyohiyo hubeba jozi mbili.

## Hatari zinazojulikana

Kugawanyika kwa umakini. Kwa kasi ya kilomita 190 kwa saa, jozi hushuka zaidi ya mita 50 kila sekunde. Kutoka mita 4,000 hadi 1,500 ni sekunde zisizozidi 50 hivi. Mwalimu anayetumia sekunde tano kutafuta pembe nzuri ya uso wa abiria amepoteza zaidi ya mita 260. Mwavuli wenyewe nao huhitaji mamia ya mita ili kufunguka kikamilifu.

Kupungua kwa mkono mmoja. Mwalimu huhitaji mikono yote miwili kusawazisha mwili, kumtuliza abiria anayetapatapa na kufikia vishikio vya dharura. Mkono unaoshika kamera huchelewa kufanya kazi hizo.

Mkao usio sawa. Mkono ulionyooshwa mbele hupokea upepo tofauti na ule mwingine, na jozi inaweza kuanza kuzunguka. Hali ya kulala ubavu huku jozi ikizunguka kwa kasi inaogopwa sana hasa kabla ya mwavuli-breki kurushwa, kwa sababu kamba yake inaweza kuwazonga watu wote wawili.

Kunaswa kwa kamba. Kila kitu kinachojitokeza mwilini, kama skrubu, kishikio cha kamera au ncha ya kisanduku, kinaweza kunasa kamba za mwavuli unapofunguka.

Kutua. Karibu na ardhi mwalimu huvuta kwa pamoja vishikio viwili vya usukani ili kupunguza mwendo. Kamera ikikwama kwenye kishikio kimoja, mwavuli hugeukia upande mmoja, na miguu ya abiria ndiyo hutangulia ardhini.

## Vifaa

* Kamera na kisanduku – huwa vidogo na vyepesi, bila pembe kali. Nafasi zilizo wazi huzibwa kwa utepe.
* Glavu au mkanda – hubana vizuri bila kuzuia vidole kushika kishikio. Fimbo ya kujipigia picha haifai, kwa kuwa hurefusha kitu kinachoweza kunaswa.
* Kamba ya kuzuia kamera isianguke – huwalinda watu walio chini, lakini yenyewe inaweza kunaswa. Kwa hiyo huwa fupi sana, au hutumika kifungio imara badala yake.
* Altimita – kipimakimo hiki huvaliwa na wengi mkono wa kushoto, mahali palepale penye kamera. Lazima kiwekwe panapoonekana bila kuhamisha kamera. Altimita ya mlio, inayowekwa karibu na sikio, husaidia lakini haichukui nafasi ya macho.
* Betri – joto hupungua kwa nyuzi 6.5 hivi kila mita 1,000. Pwani ikiwa na nyuzi 30, kwenye mita 4,000 inaweza kuwa nyuzi 4, na betri hupoteza nguvu kwenye baridi. Kamera huwashwa na kukaguliwa kabla ya mlango kufunguliwa. Ikizimika angani huachwa ilivyo.
* Kifaa cha kufungua mwavuli wa akiba chenyewe – ni cha lazima katika miruko ya tandemu nchini Marekani. Katika CYPRES ya tandemu hufanya kazi kwenye kimo cha mita 580 hivi iwapo kasi bado ni kubwa. Kutoka mita 1,500 hadi hapo ni sekunde 17 hivi tu.

## Kanuni na mafunzo

Kanuni za Marekani zinamtaka mwalimu wa tandemu awe na uzoefu wa miaka isiyopungua mitatu na miruko isiyopungua 500, pamoja na leseni ya juu na mafunzo ya mfumo anaotumia. Kuvaa kamera huhesabiwa kuwa kazi ya nyongeza inayohitaji mafunzo yake, baada ya mwalimu kuzoea tandemu bila kamera.

Utaratibu unaofundishwa ni wa kufuata zamu: kutoka ndegeni, kusawazisha mwili, kurusha mwavuli-breki, kugusa vishikio ili kuhakikisha vilipo, na kusoma altimita. Kamera huja baada ya hayo yote, na huachwa mara kimo cha kufungua kinapokaribia au tatizo lolote linapotokea.

Abiria kwa kawaida haruhusiwi kubeba kamera wala simu. Video iliyokatika au isiyo na uso wake inaweza kumsikitisha, lakini huenda ni dalili kwamba mwalimu aliiacha kamera ili ashughulikie mwavuli.