Lugha ya Gari la Sinema: Maonesho ya Hadhara ya Filamu na Watazamaji wa Usukumani tangu 1935

Ikisiri
Makala haya yanachunguza lugha zilizotumika katika maonesho ya hadhara ya filamu Tanganyika, na baadaye Tanzania, yakiwaangalia hasa wasemaji wa Kisukuma wa Shinyanga na Geita. Yanadai kwamba sinema ya kikoloni ilitumia lugha yao bila kuwapa umiliki, ilhali sinema ya taifa ilileta umiliki bila lugha hiyo.

1.0 Utangulizi
Historia ya sinema Afrika huuliza kwanza nani alishika kamera. Swali hilo ni la msingi, lakini mtazamaji aliyeketi uwanjani usiku, mbele ya kitambaa cheupe kilichotundikwa, ana swali jingine: anayesema anasema kwa lugha gani? Katika kata ya Kambarage mjini Shinyanga, Kiswahili ni lugha ya ofisi, shule na soko. Vijijini, na katika makazi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu Geita, Kisukuma bado kina nguvu kubwa. Filamu ya wenyeji inayooneshwa huko hukutana na hadhira yenye lugha mbili, na kila lugha ina historia yake mbele ya kitambaa hicho.

2.0 Santuri za Vugiri
Kati ya 1935 na 1937, mradi wa filamu za elimu kwa Waafrika uliendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe. Uliongozwa na L. A. Notcutt na G. C. Latham kwa fedha za Carnegie Corporation ya Marekani, na ulitengeneza filamu zipatazo 35 kuhusu kodi, afya, kilimo na akiba ya posta. Filamu zilikuwa za milimita 16. Sauti haikuwa ndani ya filamu, bali katika santuri iliyopigwa sambamba na picha.

Ufundi huo ulikuwa na matokeo ya kiisimu. Kwa kuwa sauti ilitenganishwa na picha, lugha mpya ilihitaji santuri mpya tu, si filamu mpya. Ndiyo maana Kisukuma kilipata nafasi pamoja na Kiswahili, Kikikuyu, Kijaluo, Kiganda, Kinyanja na Kibemba. Hata hivyo, kisa, mafunzo na picha viliamuliwa na wakuu wa mradi. Waafrika walikuwa waigizaji, wasaidizi na sauti. Kisukuma kilikuwa chombo cha kufikishia ujumbe. Hakikupewa nafasi ya kuutunga.

Hadhira, hata hivyo, haikuwa ngeni kwa maonesho. Vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, vinavyohusishwa na waganga Ngika na Gumha, vilikuwa vimewazoesha Wasukuma mashindano ya uwanjani baada ya mavuno. Katika mashindano hayo, ushindi ni kuwavuta watazamaji upande wako. Mtazamaji ndiye mwamuzi, na huhama anapochoshwa. Gari la sinema lilileta utaratibu tofauti, kwani santuri haikuweza kumjibu mtazamaji.

3.0 Umiliki kwa Kiswahili
Mwanzoni mwa miaka ya 1950, filamu za Kiswahili kama Muhogo Mchungu zilimweka mbele Rashidi Mfaume Kawawa, mwigizaji aliyekuja kuwa Waziri Mkuu. Baada ya Uhuru, Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, na kazi kama Arusi ya Mariamu (1985) zikafuata. Mwelekeo wa lugha ulikuwa wazi: taifa lilizungumza Kiswahili redioni, katika shule za msingi na katika filamu. Faida yake kwa umoja haina ubishi. Gharama yake ni kwamba Kisukuma, kilichokuwa na santuri zake katika miaka ya 1930, hakikupata nafasi ya kulingana na hiyo katika filamu za taifa.

4.0 Kurudi kwa Sauti
Mabanda ya video yalifungua njia nyingine. Wasimulizi, akiwamo Lufufu wa Dar es Salaam, walizisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, wakitafsiri, wakifafanua na kutania. Kimsingi, walirejea ufundi wa Vugiri wa kutenga sauti na picha, lakini safari hii maneno yalikuwa yao. Nao waimbaji wa Kisukuma wanaorekodi nyimbo zao kwa video wamezileta lugha, picha na umiliki mahali pamoja, ingawa kazi zao ni nadra kuhesabiwa kuwa sinema.

5.0 Hitimisho
Maonesho ya hadhara ya kuenzi filamu za wenyeji hayatoshi kupimwa kwa uraia wa mwongozaji. Usukumani, kipimo kingine ni lugha anayopewa mtazamaji kuielewa picha na kuijibu. Kipaza sauti kikiwekwa mikononi mwa msimulizi wa Kisukuma, gharama yake ni ndogo kama ilivyokuwa ya santuri. Tofauti na santuri, msimulizi huyo anaweza kujibiwa, na uwanja ukarudishiwa mwamuzi wake.