Ndosho na maeneo ya kumbukumbu ya taifa la Kongo

Ndosho ni kartie ya komine ya Karisimbi, upande wa magharibi wa mji wa Goma, kwenye barabara iendayo Sake. Haijulikani kwa sanamu wala kwa kaburi la rais. Hata hivyo, anayetaka kuelewa namna Wakongo wa mashariki wanavyojiona kuwa taifa atajifunza mengi hapa, pengine kuliko katika minara ya Kinshasa.

Minara hiyo ina historia ya kupandishwa na kushushwa. Rais Mobutu alimtangaza Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Kongo, kuwa shujaa wa taifa mwaka 1966, akaondoa sanamu ya Mfalme Leopold II wa Ubelgiji mwaka 1967, na mwaka 1969 hifadhi iliyoanzishwa mwaka 1925 kwa jina la Mfalme Albert ikaitwa Virunga, kwa jina la volkeno zinazoonekana kutoka Goma. Sheria ya kulinda mali za utamaduni ikatolewa tarehe 15 Machi 1971. Mwaka 2005 sanamu ya Leopold ilisimamishwa tena katikati ya Kinshasa, ikang'olewa baada ya saa chache tu, kwa kuwa raia wengi waliiona kama tusi. Mwezi Juni 2022 jino la Lumumba, mabaki pekee ya mwili wake yaliyorudishwa na Ubelgiji, lilipitishwa Sankuru, Kisangani na Shilatembo, mahali alipouawa, kisha likazikwa Limete, Kinshasa, tarehe 30 Juni, siku ya uhuru.

Kwa watu wa Goma, tarehe ya kifo cha Lumumba ina uzito wa ziada. Taifa humkumbuka kila 17 Januari, kwa sababu aliuawa tarehe hiyo mwaka 1961. Tarehe hiyohiyo, mwaka 2002, volkeno ya Nyiragongo ilipasuka, lava ikakata katikati ya mji, ikateketeza Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu na kuwaacha watu wapatao 120,000 bila makao. Kalenda ya serikali inataja msiba mmoja, ilhali mji una miwili. Waliorudi walijenga upya juu ya mwamba uleule, na mawe ya lava yakawa kuta na nyua zao. Kama kuna mnara wa Goma, ni hizo kuta: hakuna serikali iliyoziamuru, na hakuna inayoweza kuzibadili jina.

Ndosho ina kumbukumbu nyingine, iliyo nzito zaidi. Katikati ya Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda walivuka mpaka kuingia Goma. Kipindupindu kikaua takriban watu 50,000 katika muda wa wiki chache. Mwamba wa volkeno haukuchimbika kwa jembe, hivyo maiti zikalazwa kandokando ya barabara hadi mashine zilipofukua makaburi ya pamoja. Ndosho ilikuwa na kituo kilichopokea watoto maelfu waliopoteza wazazi wao au waliotengana nao njiani. Wakimbizi waliokufa hawakuwa raia wa Kongo, na hapo ndipo fikra ya mnara wa taifa inapokwama: wafu waliozikwa katika ardhi ya nchi, lakini hawamo katika hadithi ambayo nchi inajisimulia, ni wa nani? Jirani aliyewapa wakimbizi maji hakungoja jibu, na tendo lake linastahili kuhesabiwa katika urithi wa Kongo.

Tarehe 2 Agosti imeleta mahali hapa katika kumbukumbu rasmi. Vita vya pili vya Kongo vilianza siku hiyo mwaka 1998 kwa uasi uliozuka Goma na miji mingine ya Kivu. Vijana wa Kikongo walioko ughaibuni ndio walioanza, mwaka 2013, kuiita siku hiyo Genocost na kuwaombolezea waliouawa kwa sababu ya utajiri wa ardhi yao. Sheria ya 26 Desemba 2022 kuhusu wahanga iliikubali, na mwaka 2023 serikali iliiadhimisha rasmi kwa mara ya kwanza. Safari hii raia walitangulia na dola ikafuata.

Sanamu yenye rangi ya dhahabu ya Rond-point Tshukudu, inayoonyesha mtu akisukuma chukudu, iko karibu zaidi na moyo wa mji. Gari hilo la mbao, lenye magurudumu mawili na uwezo wa kubeba mizigo ya mamia ya kilo, huteremsha viazi, makaa na kuni kutoka milimani. Mtu wa sanamu hana jina wala cheo, na kila anayesukuma mzigo anaweza kusema ni yeye.

Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 waliuteka mji, na hospitali ya CBCA Ndosho ikapokea mamia ya majeruhi kwa siku chache. Tangu hapo mamlaka mbili, serikali ya Kinshasa na M23, zinadai kusema kwa niaba ya mji uleule, na kila upande utapenda kuchagua wafu wake. Orodha ya maeneo ya taifa itakayotengenezwa baadaye haitakuwa ya haki isipokuwa ikianza na makaburi ya raia, pamoja na yale ya wageni wa 1994, kabla ya kuhesabu makamanda.