Deane na Woodward: Ubia wa Wasanifu Majengo wa Ayalandi, 1851–1861

Katika enzi ya Malkia Victoria, aliyetawala Uingereza na Ayalandi kuanzia 1837 hadi 1901, ubia wa wasanifu majengo, yaani mapatano ya kufanya kazi na kugawana faida chini ya jina moja, ulikuwa jambo la kawaida. Lakini ni wachache walioacha alama kubwa kwa muda mfupi kama Deane na Woodward wa mjini Cork, ambao ubia wao ulidumu miaka kumi tu. Sir Thomas Deane, mjenzi mwenye jina, ndiye aliyejuana na watu wenye fedha, na mwanawe, Thomas Newenham Deane, alikuwa mbia pamoja naye. Benjamin Woodward, mtu mkimya na mgonjwa wa kifua, aliyejiunga na ofisi hiyo mwaka 1846, ndiye aliyekuwa roho ya ubunifu wao.

Woodward alishika kwa dhati fikra ya mwandishi John Ruskin kwamba mchongaji anayelazimishwa kunakili kielelezo hugeuzwa chombo, ilhali anayeachiwa uhuru hutia uhai katika jiwe. Fikra hiyo ilitekelezwa kwanza katika Jengo la Makumbusho la Trinity College, Dublin (1853–57), ambako ndugu wawili, James na John O'Shea, walichonga majani, maua na wanyama kwenye vichwa vya nguzo, yaani sehemu ya juu inayobeba tao.

Kazi kubwa zaidi ilikuwa Makumbusho ya Chuo Kikuu cha Oxford, iliyoanza 1855 kwa mtindo wa Gothiki, ule wa matao yenye ncha uliotumika katika makanisa ya Ulaya ya Enzi za Kati. Ua wake ulifunikwa kwa paa la kioo lililobebwa na chuma. Chuma cha kufua kilichotumika kwanza kilishindwa na uzito, kikabomolewa, na nguzo za chuma cha kusubu zikasimamishwa mahali pake. Kandokando ya ua, kila nguzo ilitengenezwa kwa jiwe la aina tofauti kutoka Visiwa vya Uingereza, hivi kwamba mwanafunzi wa jiolojia, elimu ya miamba, alisoma somo lake kwenye jengo lenyewe. Nao akina O'Shea waliletewa mimea mibichi kutoka bustani ya mimea ya chuo, wakachonga walichokiona kwa macho yao. Hapo ndipo ubora wa ubia huu ulipo, kwa kuwa msanifu alikubali kutojua mapema jengo lake lingekuwa na sura gani. Fedha ziliisha kabla ya uchongaji kukamilika, na mawe mengi ya madirisha yakabaki bila nakshi.

Woodward alifariki mjini Lyon, Ufaransa, Mei 1861, akiwa na miaka 44, na ubia ukaisha. Thomas Newenham Deane aliendelea na kazi, na baadaye, pamoja na mwanawe, alisanifu Makumbusho ya Taifa mjini Dublin, yaliyofunguliwa mwaka 1890.