Tiketi Mkononi, Kiti Hakuna: Jamaa Aliyelipeleka Shirika la Ndege Mahakamani

Umelipa, nafasi yako imethibitishwa, unafika kaunta unaambiwa ndege imejaa. Imejaaje wakati kiti ni chako? Swali hilo ndilo lililomchefua mwanasheria mmoja Mmarekani tarehe 28 Aprili 1972, na hasira zake zikaleta balaa kwa mashirika ya ndege.

Jamaa hakuwa mtu wa kuonewa kirahisi. Alishajijengea jina kwa kuyabana makampuni ya magari kuhusu usalama. Siku hiyo alikuwa anatoka Washington kwenda Hartford kuhutubia mkutano wa wanaharakati. Akafika zimebaki dakika kama tano hivi (ndiyo, na yeye alikuwa mtu wa dakika za mwisho), akakuta viti vyote vina watu. Kumbe shirika la Allegheny lilikuwa limethibitisha abiria 107 kwa viti 100!

Wakamtolea fidia ya dola 32.41. Akaikataa. Mkutano ukampita, akaenda zake mahakamani.

Mashirika yalikuwa na hoja, tuwe wakweli. Kuna watu wanaweka nafasi halafu hawatokei, na ndege ikishapaa kiti kitupu hakiuziki tena. Ishu ni kwamba abiria alikuwa hajui kama anachezewa kamari. Mwaka 1976 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema jamaa ana haki ya kudai kuwa alidanganywa, na kwamba shirika kusimamiwa na bodi ya serikali hakulipi kinga. Upande wa pesa sasa ni kichekesho: mahakama ya chini ilimpa dola 10 za hasara na 25,000 za kuliadhibu shirika, ila hizo za adhabu zikaja kufutwa kwenye rufaa.

Sasa kuna profesa mmoja wa uchumi, huyu ndiye wengi hawamjui. Tangu 1968 alikuwa anaandika kwamba badala ya kumtoa mtu kwa nguvu, fanyeni mnada: waulizeni abiria nani yuko tayari kubaki na kwa bei gani, anayetaka kidogo ndiye abaki. Mashirika yakamcheka. Na nani alikuwa anaachwa wakati huo? Kwa maelezo yake, wafanyakazi walipenda kuwaacha wazee na wanajeshi, kwa sababu hao hawakuwa walalamishi. Inauma, lakini ndiyo ilikuwa hivyo.

Bahati ikamwangukia 1977, pale bodi ya usafiri wa anga ilipopata mwenyekiti ambaye naye ni mchumi. Profesa akamwandikia. Mwaka 1978 bodi ikatoa kanuni: kwanza ombeni wanaojitolea, na atakayeachwa bila kupenda alipwe. Kuuza viti kupita kiasi hakukupigwa marufuku, kulipewa bei tu.

Ila kanuni ilikuwa na tundu. Aprili 2017, Chicago, daktari wa miaka 69 alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, safari ya kwenda Louisville. Shirika la United lilitaka viti vinne kwa ajili ya wafanyakazi wake. Wakapandisha dau mpaka dola 800, abiria kimya. Wakachagua majina wenyewe, daktari akagoma, maofisa wa usalama wakamburuta sakafuni huku simu zinarekodi. Video ile bila shaka uliiona. Mnada wenyewe ulikatishwa mapema: kisheria fidia ya lazima ilikuwa inafika hadi dola 1,350, lakini wao waliona 800 zinatosha, nguvu ikaziba pengo. Baada ya aibu ile United ikatangaza kwamba anayekubali kubaki anaweza kupewa hadi dola 10,000.

Mwaka 2018 bunge la Marekani likapitisha sheria kwamba abiria akisharuhusiwa kupanda ndege haondolewi kwa sababu ya viti kuzidiwa, labda iwe suala la usalama, afya au fujo. Kanuni yenyewe ikaandikwa 2021, na kiwango cha juu cha fidia kikapanda hadi dola 1,550. Miaka 49 baada ya dola 32.41.